Mkono Uliobaki Kwenye Picha

Mtaa mzima walimwita Cheka Kidogo, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Miaka kumi na miwili alikuwa akiwaketisha watu kwenye kiti kile kile cha studio yake, mbele ya pazia lile lile jeupe, akiwaambia neno moja: cheka kidogo. Maharusi aliwaambia. Wanafunzi wa picha za vitambulisho aliwaambia. Hata mjane mmoja aliyekuja kupigwa picha ya hati za mirathi aliambiwa vivyo hivyo, nusura amrushie mkoba.

Jumamosi hiyo, wiki tatu kabla ya harusi yake, hakuwa na haja ya kumwambia mtu acheke. Watoto wake walicheka wenyewe. Na yeye, masikini ya Mungu, akafurahi.

Asubuhi ilianza kama zilivyoanza Jumamosi zote. Saa mbili kasoro alikuwa amepiga magoti sakafuni, chanuo mdomoni, akipambana na nywele za binti yake mdogo.

"Baba, unavuta!"

"Sivuti, nasuka."

"Anavuta," alihukumu yule mkubwa kutoka mlangoni, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. "Na umempaka mafuta hadi sikioni."

Huyo ndiye Jaji. Alikuwa na miaka saba na nusu, na ole wako uisahau hiyo nusu. Hakuna kesi iliyopita katika nyumba ile bila yeye kuikatia hukumu, kuanzia nani amemaliza dawa ya meno hadi nani aanze kuoga. Mdogo wake, wa miaka mitano, aliitwa Nukta, kwa kuwa siku aliyozaliwa muuguzi alimtazama akasema huyu si mtoto, ni nukta. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo tangu azaliwe, na Cheka Kidogo alikuwa hajui kumvalisha gauni bila kulivuta upande huo likae sawa.

Aliwalea peke yake. Alijua nani huogopa radi na nani hujifanya haogopi. Alijua kushona kifungo, kupima homa kwa kiganja, na kupika mayai yasiyoshika sufuria. Na kila Jumamosi, mvua inyeshe jua liwake, aliwasimamisha kwenye ngazi mbele ya mlango wa buluu wa nyumba yao akawapiga picha moja. Moja tu. Aliichapisha studioni, akaandika tarehe nyuma, akaibandika kwenye albamu. Zilikuwa zimetimia mia mbili na hamsini na ushei.

"Haya, wapendwa wangu. Mahali penu."

Walisimama. Yeye akarudi nyuma hadi getini, mgongo wake barabarani, akainua kamera. Kazi ya kuhesabu ilikuwa ya Jaji.

"Moja, mbili..."

Hata tatu haijafika, nyuso zao zikafunguka. Lilikuwa tabasamu la kutoka tumboni, lile ambalo wateja wake humlipa na bado wasilitoe. Wiki ya sita hiyo walikuwa wakicheka hivyo. Moyoni alijiambia ni furaha ya harusi, ni furaha ya kupata mama. Kitu kimoja tu kilimkera, tena kilimkera kama fundi wa picha, si kama baba.

"Nukta, mama, tazama kamera. Mbona unatazama juu ya kichwa changu? Na unampungia nani?"

Nukta alifungua mdomo. Jaji akamshika mkono.

"Ndege," alisema Jaji. "Kuna ndege kwenye waya."

Cheka Kidogo aligeuka. Waya ulikuwa mtupu. Barabara nayo ilikuwa tupu, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye mwavuli mweusi aliyekuwa akikata kona, ingawa mbinguni hapakuwa na hata wingu la kufutia machozi. Ndege huruka, alijiambia, akafunga kifuniko cha kamera.

"Moja kwa moja kwa Bibi," aliwaagiza, akiwabusu vichwani. "Mageti manne tu. Msisimame na mgeni."

"Mgeni ni nani?" Jaji aliuliza.

"Mtu usiyemjua."

"Na kama mimi namjua, lakini wewe hujui kama namjua?"

Alicheka. Naam, alicheka! "Mheshimiwa, kesi hiyo tutaisikiliza jioni. Chai ya Bibi inapoa."

Akawatazama wakienda wameshikana mikono, kisha akashika njia yake ya kazini, akipiga mluzi.

*

Studio yake ilitazamana na duka la fundi cherehani. Miaka miwili iliyopita fundi huyo alivuka barabara kuja kupigwa picha ya pasi ya kusafiria, akakaa kwenye kiti, akaambiwa cheka kidogo. "Nicheke nini?" alijibu. "Kuna cha kuchekesha humu zaidi yako?" Cheka Kidogo alipiga picha ile mara tatu kabla haijatoka sawa, na tangu siku hiyo hakuwa na mikono iliyotulia akiwa karibu naye. Alipenda alivyokata uzi kwa meno. Alipenda alivyomtazama bila haraka, kama anayepima kitambaa kabla ya kutia mkasi.

Mama yake, Bibi wa watoto, hakumpenda. "Miaka thelathini na minane, hajazaa," alisema kila walipokaa kula. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyo anajua uchungu wa sindano." Lakini watoto walimpenda, na kwa mara ya kwanza maishani Cheka Kidogo alimwambia mama yake: nimeamua.

Fundi aliingia saa nne. Kwa kawaida angeanza na utani. Leo alifunga mlango nyuma yake, akageuza kibao cha dirishani kikasoma "Tumefunga", akasimama. Futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni, na chini ya macho yake kulikuwa na weusi wa mtu asiyelala.

"Fundi wangu! Njoo uone kadi. Nimechagua ile uliyoinamisha kichwa..."

"Baba Jaji, kaa."

"Kuna nini?"

"Kaa kwanza."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia jeupe. Fundi akafungua daftari lake la vipimo.

"Wiki mbili zilizopita alikuja mteja. Mwanamke, mpole, hana maneno mengi. Alikuja na kitambaa cha njano, anataka magauni matatu sare. La kwake, na mawili ya watoto. Nikamwambia walete watoto niwapime. Akasema hawawezi kuja, akanipa karatasi. Alikuwa amewapima mwenyewe. Nisikilize. Wa kwanza, kifua ishirini na tano, kiuno ishirini na tatu. Wa pili, kifua ishirini na mbili." Akageuza ukurasa. "Na chini ameandika: bega la kushoto lishushwe nusu inchi."

Cheka Kidogo alicheka. Kilikuwa kicheko cha kujikinga. "Watoto wako wengi, Fundi."

"Mimi hushona nguo za watoto wa mtaa huu wote. Bega la kushoto, nusu inchi, miaka mitano? Namjua mmoja tu. Nikajiambia labda ni bahati tu, nikashona. Jana mchana akaja kuchukua. Akanyoosha mkono kupokea mfuko, mkono wa gauni ukapanda." Fundi aligusa kifundo cha mkono wake mwenyewe, upande wa ndani. "Ana kovu hapa. La kuungua, limechongoka kama ncha ya pasi."

 

Chumbani kwa watoto, juu ya kitanda cha Nukta, kulikuwa na picha ambayo Fundi alikuwa ameipangusa vumbi mara nyingi. Ilikuwa picha pekee ya Nukta akiwa mchanga. Upande mmoja ulikuwa umekatwa kwa wembe, mstari umenyooka kabisa, na kutoka kwenye mstari huo ulijitokeza mkono wa mwanamke umekishika kichwa cha mtoto. Kuukata mkono ule kungekuwa ni kumkata mtoto, ndiyo maana ulibaki. Na kifundoni mwa mkono ule mlikuwa na kovu.

"Uliniambia ni mkono wa shangazi yao," Fundi alisema polepole. "Shangazi yao nimemshonea nguo ya harusi yetu. Nimempima mikono yote miwili. Hana kovu."

"Fundi..."

"Fungua picha ya leo. Nataka kuona kitu."

"Ya leo ina nini? Ya leo ni nzuri sana, watoto wamecheka..."

"Fungua."

Akaichomeka kamera kwenye kompyuta. Picha ikajaa kiooni: mlango wa buluu, Jaji, Nukta, tabasamu lile. Miaka yote Cheka Kidogo alitazama picha kwa namna moja. Alianza na macho, akaenda mdomoni, akamaliza. Lakini Fundi hakuwatazama watoto. Alitazama pembeni ya mlango, kwenye kioo cha dirisha la sebule.

"Kuza hapo."

Alikuza. Kwenye kioo cha dirisha alijiona yeye mwenyewe, amefunika uso kwa kamera. Na nyuma yake, hatua tano hivi kutoka mgongoni mwake, alikuwa amesimama mwanamke mwenye mwavuli mweusi.

 Mikono ikaenda yenyewe ikafungua picha ya wiki iliyotangulia. Alikuwepo, karibu na mtaro. Wiki ya kabla yake, alikuwepo, ng'ambo ya barabara. Ya kabla yake, kwenye nguzo ya umeme, mdogo kama kidole. Wiki sita. Kila wiki alikuwa amesogea. Na kila wiki watoto walikuwa wakimtazama yeye, wakimchekea yeye, huku baba mtu akihangaika na mwanga.

"Mungu wangu," Cheka Kidogo alinong'ona. "Amerudi."

"Nani amerudi?" Fundi aliuliza, ingawa sauti yake ilikwishajua. "Sema mwenyewe. Nani?"

"Mama yao."

"Mama yao alifariki. Uliniambia ukilia. Nikakufuta machozi kwa mkono huu."

 Fundi akavuta kiti, akakaa karibu naye kiasi cha magoti kugusana, na kule kugusana ambako jana kungemtia joto leo kulimtia baridi.

"Alikufa, hakufa?"

"Baada ya kumzaa Nukta kichwa chake kiliharibika. Alikuwa halali usiku. Hali chakula. Siku moja nilirudi nikamkuta Nukta kwenye beseni la maji, peke yake, na yeye amekaa sebuleni anatazama ukuta. Maji yalikuwa machache. Ningechelewa dakika chache, Fundi! Kaka zake wakaja wakamchukua kwenda kumtibu. Mama akasema..."

"Sikuulizi mama yako alisema nini. Alikufa?"

"Hapana."

Fundi akafumba macho.

"Mama alisema aliyekufa huuma mara moja," Cheka Kidogo aliendelea haraka, kama mtu anayekimbia mteremko. "Alisema mgonjwa wa akili atawauma watoto kila siku. Jaji alikuwa na miaka miwili na ushei, hakumbuki kitu. Nikaona ni huruma. Nikachukua wembe, nikazikata picha zote."

"Aliandika?"

"Barua tatu."

"Ya mwisho ilisemaje?"

"Kwamba amepona. Ana mwaka mzima hajaumwa. Anaomba kuwaona, hata kwa mbali."

"Hata kwa mbali," Fundi alirudia, akitazama kioo cha kompyuta. "Ulimjibu?"

Cheka Kidogo alitikisa kichwa.

"Na talaka hukumpa. Bila shaka. Marehemu hapewi talaka, siyo? Mimi ulikuwa unanioa juu ya nini, Baba Jaji? Juu ya kaburi tupu?"

"Niliogopa kukupoteza!"

"Hukuwa umenipata bado ulipoandika kifo chake. Usinitie kwenye uongo ulionitangulia."

Cheka Kidogo aliushika mkono wake. Fundi aliuacha ushikwe, na machozi yakamtoka waziwazi, bila kuyaficha, kwa sababu alimpenda. Alimpenda alivyonuka wino wa picha na mafuta ya nywele za watoto. Alikuwa ameshajishonea gauni la harusi. Lilikuwa limetundikwa dukani kwake, limefunikwa shuka.

"Ningekupokea na mke mgonjwa," alisema. "Ningekupokea na mtalaka, na kesi, na mama yako na maneno yake. Siondoki kwa sababu mkeo yu hai. Naondoka kwa sababu ulimuua, ukaenda kazini."

Akauvua mkono wake taratibu. Akaanza kuivuta pete yake ya uchumba. Ndipo simu ya Cheka Kidogo ilipolia.

Alikuwa Bibi. Sauti yake kali ilisikika hadi kwa Fundi.

"Wewe! Leo umewaweka watoto hadi saa ngapi? Chai imepoa nimepasha mara mbili."

Cheka Kidogo alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Mama, niliwatuma saa mbili."

"Saa mbili ipi? Sasa ni karibu saa tano. Hapa hajafika mtu. Au wako na huyo fundi wako?"

Simu ilimponyoka. Fundi alikuwa ameshafungua mlango.

"Magauni ya njano," alisema. "Alichukua jana. Baba Jaji, alinisisitiza yawe tayari kabla ya Jumamosi."

*

Walikimbia. Watu wa mtaani walimwona Cheka Kidogo akipita na kamera ikimpigapiga kifuani, amesahau kuivua, waya wa kompyuta ukining'inia, na fundi nyuma yake na futi shingoni, viatu mkononi. Kuna aliyeuliza kulikoni, hakujibiwa. Walipita kituo cha mabasi, na macho ya Cheka Kidogo yalitafuta njano kwenye kila dirisha la basi. Alimwona Nukta kila mahali. Alimwona kwenye beseni. Maji yalikuwa machache, alijiambia, maji yalikuwa machache.

Kwenye kona ya ukuta, kati ya geti la kwanza na la pili, pale ambapo mtu wa nyumbani haoni na Bibi haoni, aliokota soksi ya Nukta. Akaikamata, akaikunja ndani ya ngumi.

"Twende nyumbani," Fundi alimvuta. "Twende kwanza nyumbani!"

Geti lilikuwa wazi.

Na pale kwenye ngazi, mbele ya mlango wa buluu, mahali pao pa kila Jumamosi, walisimama watoto wake. Walikuwa wazima. Nukta alikuwa na mguu mmoja mtupu. Walivaa magauni ya njano yaliyowakaa kama waliyozaliwa nayo, bega la kushoto la Nukta limetulia bila kuvutwa. Kati yao alisimama mwanamke wa gauni la njano, mwembamba kuliko alivyomkumbuka, amewashika mikono. Mwavuli wake ulikuwa umeegemezwa ukutani.

Cheka Kidogo alitaka kuruka awanyakue. Akakomea hatua tatu mbele ya ngazi.

"Baba Watoto," mwanamke alisema. Sauti ilikuwa ile ile. "Usiogope. Sikuja kuwaiba. Ningetaka kuwaiba, ningewaiba wiki ya kwanza. Ulikuwa umenipa mgongo."

"Niliwatuma kwa Bibi..."

"Walikuwa nami pale kwenye kona. Kila Jumamosi ni dakika kumi tu. Leo nimewaomba zaidi. Jumatatu kaka zangu watakuja, tutazungumza mbele ya watu wazima. Kabla ya hapo nilitaka nionekane. Mahali pangu, mchana, usoni."

"Jaji," Cheka Kidogo alimgeukia binti yake. "Kwa nini hukuniambia?"

Jaji alimtazama baba yake moja kwa moja. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Nilikuuliza kaburi liko wapi, ukasema mbali," alisema. "Halafu yeye akaja, akasema yeye ni mama. Sikumwamini. Nikamwambia lete mkono. Nikamleta hadi nje ya dirisha la chumba chetu, akaupitisha mkono, nikaupima na ule wa kwenye picha. Kovu ni lile lile. Tulimjua kwa mkono, Baba. Wewe ulituachia."

Nukta akadakia, akiwa na furaha ya mtoto asiyejua alichokishika: "Na alitupima na kamba! Mimi nina ishirini na mbili!"

Hakuna aliyecheka. Nyuma yake Cheka Kidogo alisikia pumzi za Fundi zikitulia, kama za mtu aliyemaliza kushona nguo ngumu.

"Usiondoke," alimwambia bila kugeuka. "Nakuomba. Usiondoke sasa."

"Watoto ni wazima," Fundi alijibu kwa upole. "Hilo tu nililolifuata."

Alihisi kitu kidogo kikiwekwa mfukoni mwa shati lake, kikiwa na joto la kidole. Hakutia mkono kukitazama. Alikijua.

"Baba," Jaji aliita. "Leo tunapiga tena. Ile ya asubuhi haihesabiwi."

Akainua kamera, kwa kuwa ndicho kitu pekee mikono yake ilichojua kufanya. Kupitia tundu la kamera akaona jozi tatu za macho ya namna moja; miaka mitano alikuwa ameyapiga picha bila kuona yanatoka kwa nani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, akahamisha jicho akatazama kioo cha dirisha. Alijiona amesimama peke yake. Mbali nyuma yake, mwanamke mwenye futi shingoni alikuwa akitoka getini, viatu bado mkononi, na hakugeuka.

"Moja," Jaji alianza. "Mbili..."

Akasita. Akamtazama baba yake kama anavyotazama mtu aliyekwishahukumiwa.

"Na safari hii, Baba, usikate mtu."

Cheka Kidogo alibonyeza.